Nyuzi Zilizokunywa Mafuta

"Basi! Basi! Nyamazeni!" Bi Hadia alipiga kofi juu ya mkeka, na wimbo ukakatika hapohapo. "Ni nani humu ndani anayepiga godoro lililorowa?"

Wanawake walicheka. Waitikiaji wakaangukiana mabegani. Asmaa, msichana wa kinanda, aliinamisha uso akajifanya anatafuta kitu kwenye vitufe vyake. Rawiya peke yake hakucheka wala hakuinama. Alibaki amelipakata gitaa lake la besi, kidole bado kiko juu ya uzi mnene, akimtazama mkuu wa kikundi usoni.

Mamake, Mwanatumu, alikuwa ameketi karibu na mlango, mfuko wa kitambaa mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa ya mafuta ya nazi na kipande cha kanga kuukuu. Hakuwa mpigaji wala mwimbaji. Alifuatana na binti yake kwenye kila zoezi kwa sababu alikuwa mama wa kuogopa: aliogopa njia ya kurudi, aliogopa nyaya za umeme, aliogopa macho ya watu, aliogopa hata ule ukimya wa Rawiya anapowaza. Na zoezi likiisha, kabla gitaa halijaviringishwa kwenye shuka, yeye hulitwaa akazipaka nyuzi mafuta, mmoja mmoja, kutoka shingoni hadi tumboni, kama anayempaka mtoto aliyetoka kuoga.

"Mwanangu," Bi Hadia alisema, sasa kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo iliyokuwa ikiogopwa Kizingitini nzima. "Mimi nikisimama kuimba nataka nijue nasimama wapi. Hilo lako lasema dub, dub, dub. Uzi wa juu dub, uzi wa chini dub. Sijui wanipandisha, sijui wanishusha."

"Ni nyuzi, Bi. Nyuzi zimekufa."

"Nyuzi zimekufa, au mkono ndio mzito? Asmaa, ebu mwonyeshe."

Asmaa alisita. Kisha mkono wake wa kushoto ukatembea upande wa mwisho wa kinanda, na besi ikatoka, nene, laini, kila sauti imekaa mahali pake kama mayai kwenye trei.

"Umesikia? Alhamisi, kwa Bi Raihana kule Lamu, Mkomani, besi itapigwa na Asmaa. Bibi harusi yuwatolewa nde aonyeshwe watu, wanawake wa mui mzima wako pale na masikio yao. Wewe utakaa nyuma na waitikiaji, upige makofi."

"Sipigi makofi."

Bi Hadia aliinuka mkekani.

"Wasemaje?"

"Nasema sipigi makofi, Bi Hadia. Mimi ni wa besi. Pasipo na besi hapana Rawiya."

"Basi baki Kizingitini." Bi Hadia alijifunga leso upya kiunoni, akamgeukia mama aliyekuwa amemkodolea macho. "Na wewe, Mwanatumu, usinitolee mato. Mwanao ana mkono wa kukanda unga. Kila mtu na alichopewa na Mola wake."

Walirudi nyumbani kupitia nyuma ya msikiti, Rawiya mbele, gitaa begani, mama nyuma akihema.

Ukweli usemwe: jambo la kwanza lililoingia moyoni mwa Mwanatumu lilikuwa faraja. Hakuna boti ya Alhamisi. Hakuna Mkomani na ndimi zake. Binti atakaa ndani, atulie, na posa zitamjia. Mara ngapi alikuwa ameomba gitaa lile lirudi nyuma ya kabati, mahali lilipoachwa na Husseini, kaka yake Mwanatumu, aliyekuwa akipiga katika bendi ya hoteli kule Malindi mpaka siku aliposhika msikiti, akaliacha kama mtu anavyovua viatu vilivyombana. Rawiya alilikuta pale angali mdogo, na tangu siku hiyo hakucheza tena na watoto wenzake.

Lakini mama wa kuogopa ndiye anayejua hesabu za milango. Katika visiwa hivi msichana mwenye gitaa ana mlango mmoja tu: kwa wanawake wenzake, ndani, harusini, mahali asipoingia mwanamume. Hotelini haendi. Barabarani hapigi. Bi Hadia akiufunga mlango huo, mwengine haupo. Rawiya hatakuwa amekatazwa harusi moja. Atakuwa amekatazwa.

Na lile neno, mkono wa kukanda unga, lilikuwa limemkwama Mwanatumu kooni kama mwiba wa samaki tasi. Alijaribu kulimeza mpaka nyumbani. Halikumezeka.

Walipofika alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akatoa chupa na kitambaa. Mazoea ni mazoea.

"Lete nikupakie."

"Leo usipake, mama."

"Nisipake? Zishike kutu?"

Maana mtu asidanganyike: chumvi ya bahari haina adabu. Huingia nyumba za watu bila hodi, ikala bawaba, ikala mkasi, ikala sindano ingali kwenye karatasi yake. Cherehani ya Mwanatumu ilikuwa hai kwa mafuta ya nazi. Kufuli la mlango lilikuwa hai kwa mafuta ya nazi. Katika Kizingitini, kitu cha chuma kisichopakwa hakimalizi msimu, na hilo mwanamke hufundishwa kabla hajafundishwa kuchuja tui. Ni nani angemwambia kwamba kipo chuma kinachouawa na dawa?

Rawiya hakubishana. Alikaa mkabala na mama, akaukwaruza uzi mnene kwa ukucha, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Akanyoosha kidole. Chini ya ukucha palikuwa na uji mweusi, mzito, kama masizi ya chungu yaliyochanganywa na samli.

"Hii nini?"

Mwanatumu aliinusa. Nazi iliyochacha.

"Sasa sikiliza." Rawiya aliupiga uzi katikati, pale anapoupiga siku zote. *Dub.* Kisha akapeleka kidole juu kabisa, mwisho wa shingo, kile kipande kifupi kinachoingia kwenye kigingi cha kukazia, mahali ambapo kitambaa cha mama hakikuwahi kufika kwa sababu vigingi vilikizuia. Akakigusa.

*Ting.*

Sauti ndogo, lakini safi. Ilikaa hewani kidogo kabla ya kwenda zake, kama kijiko kilichogonga gilasi.

"Ni uzi uleule, mama. Huku haukunywa mafuta." Akamwonyesha kwa karibu: uzi mnene si chuma kimoja, ni chuma kilichozungushiwa chuma chengine, pindo kwa pindo, kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Katika kila pindo mafuta yalikuwa yameingia, yakaita vumbi, vumbi likaita jasho, vyote vikaganda. "Uzi hulia kwa kutetemeka. Ukishiba hivi hauwezi kutetemeka. Unagonga tu."

Mwanatumu aliusogeza uso, akatazama muda mrefu. Alikikaza kizibo cha chupa, akaiweka nyuma yake, mbali na mkono.

"Dawa yake?"

"Nyuzi mpya. Mombasa."

"Na harusi ni kesho kutwa."

"Mjomba Husseini alikuwa akisema wao hotelini wakizichemsha. Kama mifupa ya supu."

"Basi tuzichemshe."

Rawiya alimtazama mamake kwa mashaka. "Wewe ulikuwa unataka nikae nyumbani."

"Nilitaka ukae kwa neno langu," alisema Mwanatumu, "si kwa ulimi wa Hadia."

Asubuhi yake Rawiya alikuwa amekwisha bandika sufuria na kutia maji ya kisima. Mama alitoka chumbani akaiona, akaiepua sufuria mekoni kwa ncha za kanga, akayamwaga maji yote mchangani.

"Mama!"

"Utazitoa mafuta uzitie chumvi? Hebu itazame birika ya chai tumbo lake lilivyoganda chumvi."

Maji ya visima vya Kizingitini yana chumvi. Ni ya kufulia na kuogea. Ya kunywa ni ya jabia, lile birika kubwa la chokaa linalokinga mvua. Na wakati huo ulikuwa mwisho wa kaskazi, mvua haijaonekana, jabia liko chini mpaka ngazi za ndani zinaonekana. Mji ulikuwa umekubaliana: kila nyumba dumu moja kwa siku, la mdomo na la chungu, basi.

Mwanatumu alichukua dumu lake akaenda akapanga foleni.

"Leo umekazana, Mwanatumu," jirani alimwambia. "Wapika biriani?"

"Napika nyuzi za gitaa."

Walicheka. Halafu mmoja mmoja wakaacha kucheka, wakimwona hacheki.

"Maji ya kunywa?" bibi mmoja mzee aliuliza, mkono kifuani. "Maji ya rehema ya Mungu, wewe wampikia shetani supu?"

"Ni fungu langu, bibi. Leo nyumbani kwangu hatunywi chai. Shetani akitaka supu na aje na maji yake."

Wengine waliangua kicheko, wengine wakasema astaghfirullah, na wapo waliofanya yote mawili. Uthman, aliyewekwa na mji kulinda jabia, alijikuna kidevu. "Lakini Bi Mwanatumu, tulikubaliana ni ya kunywa na kupika tu."

"Sikuteka la mtu, Uthman. Nimeteka la kwangu, na kiu itakuwa yangu. Kama kuna ubaya, nenda kawaambie wazee. Mimi sijifichi, nyumba yangu yajulikana, na moshi utauona."

Kwa maisha yake yote alikuwa mwanamke wa kupita pembeni mwa njia. Siku ile alirudi katikati ya njia, dumu kitwani, shingo imenyooka, na midomo ya watu nyuma yake ikinong'ona, ileile aliyokuwa akiiogopa tangu usichana. Ajabu ni kuwa haikuuma. Mnong'ono ukiupa mgongo ni upepo tu.

Walizichemsha nyuzi na sabuni ya kuoshea vyombo. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha likapanda juu duara moja jeusi, likafuatwa na jengine, mpaka uso wa maji ukawa na madoa kama ngozi ya chui, na nyumba nzima ikanuka chuma na nazi, kama samaki wa kupaka aliyeungua. Rawiya alizigeuza kwa mwiko. Walimwaga, wakatia mengine, wakachemsha tena. Maji ya pili yalitoka ya kijivu. Ya mwisho yalitoka kama yalivyoingia. Ndipo wakazifuta kwa kitambaa kikavu, wakazianika juani juu ya upande wa kanga, na Mwanatumu akakaa hapo na upepeo kuwafukuza kuku.

Mchana mzima hawakuweka kitu mdomoni isipokuwa madafu mawili aliyoleta yule jirani wa foleni, ambaye alisema hakuja kwa ajili ya gitaa, amepita tu.

Rawiya alizirudisha nyuzi, akakaza vigingi, akaunga spika ndogo ya mazoezi. Akapiga uzi mnene.

Sauti haikugonga. Ilitoka, ikasimama mlangoni, ikaenda mpaka kwa jirani na kurudi. Ilikuwa na mwili, na ndani ya mwili ilikuwa na mfupa. Rawiya alicheka huku machozi yanamtoka, akapiga tena na tena, uzi mmoja tu, kama mtu anayeita jina la msafiri aliyerudi.

Kisha akapanda juu ya shingo kujaribu wimbo wa kutolea bibi harusi, na uso ukambadilika.

"Nini tena?"

"Sauti yapotoka." Akarudia. Chini ilikuwa sawa. Kila alivyopanda, sauti ilizidi kwenda juu kuliko inavyotakiwa, na karibu na tumbo la gitaa uzi ulivuma juu ya vijichuma vya shingo kama nzi kwenye kopo. "Siku zote ilikuwa hivi, mama. Hatukuwa tunasikia."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, na mwenye kutaka kufufua kitu na ajue kabla hajabandika sufuria: uzi uliokufa una stara. Husitiri kasoro zote za gitaa, kwa sababu sauti ya godoro haina kupanda wala kushuka. Ukiusafisha, unasema kweli, na kweli haichagui. Shingo ile ilikuwa imepinda kwa miaka, imevutwa mbele kama upinde, nyuzi zikasimama juu sana. Ili kuzibana ilibidi Rawiya azivute, na kila mvuto uliichafua sauti. Zile sugu za vidole vyake, ambazo mama alidhani ni za mafuta kupungua, zilikuwa za nyuzi kusimama mbali.

"Ndani ya shingo kuna chuma," Rawiya alisema. "Kinakazwa kwa elenki, ule ufunguo wa pembe sita. Sina."

"Ubaid anazo."

Ubaid alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa maneno mengi na mikono minene. Alikuja na funguo zake ndani ya kopo la maziwa, akakaa uani, akaligeuza gitaa kama mvuvi anavyomgeuza pweza asijue aanze kumpiga wapi.

"Hiki tu? Mimi nakaza mashine zinazokwenda Kiwayu na kurudi. Lete."

"Robo, kaka Ubaid!" Rawiya aliushika mkono wake. "Robo ya mzunguko, kisha unasubiri."

"Nasubiri nini? Mbao isali?"

"Mbao izoee," alisema Mwanatumu. "Hata mkwe humpi sheria zote siku ya kwanza."

Ubaid alikaza robo. Walisubiri. Akakaza tena kidogo, kwa ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto wa chuo cha Kurani, na shingo ikarudi nyuma polepole, wakiiangalia kwa jicho moja kama mtu anavyotazama unyoofu wa mkuku wa jahazi. Zikabaki zile skrubu ndogo za nyuma, zinazoshusha nyuzi na kuzirefusha. Rawiya alikuwa na hofu nazo. Katika mji huu skrubu ndogo hukatika kitwa kabla ya kugeuka. Ubaid aliweka bisibisi. Zikageuka kama zimewekwa jana.

"Lo! Hizi zimepakwa nini? Laiti boti zote zingekuwa hivi!"

Mwanatumu aliinua kidevu. "Mafuta ya nazi."

Rawiya alimtazama mama, mama akamtazama Rawiya, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka Ubaid akauliza kama anachekwa yeye.

"Kuanzia leo, mama, mafuta ya skrubu. Nyuzi ni kitambaa kikavu tu."

"Nimesikia. Usirudie mara mbili kama Hadia."

Alhamisi boti iliondoka alfajiri kuwahi maji yakiwa yamejaa. Bi Hadia na kikundi walikuwa wametangulia. Mwanatumu alikaa na gitaa mapajani mpaka Lamu, ameliviringisha kwa baibui lake la pili, na kila wimbi lililoruka alilikinga kwa mgongo wake mwenyewe. Mwoga wa bahari ni mwoga. Alifumba macho, akasoma alichokijua, wala hakumwambia nahodha apunguze mwendo.

Nyumba ya Bi Raihana, Mkomani, ilikuwa ya mawe, kuta nene za kumeza kelele za mji. Alasiri ilipoingia, wanawake walikuwa wakifika kwa makundi, wanavua viatu kwenye daka, ule ukumbi wa mawe wa mlangoni, wanavua mabaibui nyuma ya pazia, wanaingia ndani waking'ara. Mwanamume hapiti daka. Kwa hiyo kijana aliyeletwa na spika kutoka Mombasa, Tevin, alikuwa ameketishwa palepale nje ya pazia zito, na meza yake ya vidude vya sauti, na nyaya zikipita chini ya pazia kuelekea asikokuona. Alikuwa akitengeneza sauti za watu asiowajua sura, kwa masikio tu, na sahani ya halua pembeni.

Ndani, Bi Hadia aliwaona kabla hawajavuka uwanja. Mbele ya wageni hakuweza kupaza sauti. Kugombana mbele ya bibi harusi ni aibu isiyofutika. Alitabasamu kwa meno yote.

"Sikukuita, mwanangu."

"Najua, Bi. Nimekuja kupiga."

"Sheria za tarabu nilikupa mwenyewe."

"Ulisema niketi nyuma nipige makofi. Nimekataa mbele yako, na nakataa mbele ya watu."

Bi Hadia aliendelea kutabasamu. "Haya. Kaa pale ulipokuwa ukikaa. Unga waya wako. Piga utakavyo." Akainama karibu na sikio lake, na Mwanatumu, aliyekuwa nyuma, akasikia kila neno. "Nimemwambia kijana wa nde asikufungulie. Hakuna atakayekusikia isipokuwa malaika wako wawili."

Rawiya alikaa. Aliunga waya. Asmaa alimtazama kwa jicho la kuomba radhi, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kinanda, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Na wimbo ukaanza, na besi ya kinanda ikajaza uwanja, na Rawiya akapiga, vidole vikienda, nyuzi zikitetemeka mbele ya macho ya watu, na hakuna sauti. Mwanatumu alimwona mwanawe anavyopiga bila kusikika, midomo imekazwa, kichwa juu. Hakuacha. Ubeti wa kwanza ukapita. Hakuacha.

Mama alivaa baibui lake, akashusha ushungi, akatoka.

"Wewe ndiwe Tevin?"

"Naam, mathe."

"Fungua besi."

"Mathe, nimeambiwa laini ya besi ikae chini kabisa. Bosi wa band amesema."

"Sikukuuliza umeambiwa nini. Ipo wapi?"

Tevin alitazama pazia, akatazama mama. "Ni ile ya mwisho, yenye utepe mwekundu. Lakini, mathe, mimi nikiigusa nimekosa kazi."

"Usiiguse."

Mwanatumu, ambaye nyumbani kwake aliomba mtu mwengine awashe feni, aliweka kidole juu ya kidude chenye utepe mwekundu akakisukuma.

"Pole pole, mathe! Pole pole! Hapo. Hapo!"

Kwanza zilisikika besi mbili zikigongana, kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akitaka kupita. Mwanatumu hakuondoa kidole. Alikisukuma kidogo tena. Ndani ya pazia kitu kilibadilika: mkono wa kushoto wa Asmaa ulikuwa umeinuka kutoka kinandani. Ilibaki besi moja. Ilipita chini ya ngoma, chini ya sauti ya Bi Hadia mwenyewe, ikapanda ngazi ya wimbo hadi juu kule ambako jana yake ilipotoka, ikafika, ikakaa, haikupotoka. Mwanatumu aliisikia kwa masikio, kisha akaisikia kwa nyayo. Ilikuwa ikipita ndani ya jiwe.

"Ni nani huyo?" Tevin aliuliza, mdomo wazi. "Huyo msee ni nani?"

"Si msee, ni msichana. Ni Rawiya wa Mwanatumu, wa Kizingitini."

Pazia likavutwa. Bi Hadia alisimama pale, amejitanda leso, kipaza sauti kimeshushwa ubavuni, jasho kipajini, nyuma yake waitikiaji wakishikilia wimbo peke yao.

"Mwanatumu. Ondoa kidole."

"Siondoi, Hadia." Alimwita jina tupu, bila Bi, na dunia haikuanguka. "Ukitaka ishuke, nishushe mimi kwanza. Hapa hapa, mbele ya viatu vya watu."

Wakatazamana. Huku wakitazamana, besi iliendelea. Ndani mwanamke mmoja alipiga kigelegele, akadakwa na wa pili, mara uwanja mzima ukalipuka, na sauti za wanawake wa Mkomani zikavuka pazia: "Rudieni! Hiyo hiyo! Rudieni!"

Bi Hadia aliikaza leso yake, akaliachia pazia lianguke baina yao. Halafu sauti yake ikasikika ikiingia tena katika wimbo, imechelewa kidogo, ikitafuta mahali pa kukanyaga, ikapaona.

"Mathe," Tevin alisema baadaye, "unaweza kuachia sasa. Haitashuka yenyewe."

"Wewe kula halua yako."

Alibaki amesimama, mkono umenyooka, bega linaanza kuuma. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwenye daka, likaangukia viatu vya wanawake vilivyorundikwa pale, vya kung'aa na vya plastiki. Kila besi ilipopiga, kiatu kimoja chepesi, chenye kisigino chembamba, kilitikisika juu ya jiwe na kusogea. Kilisogea tena. Kilikuwa kimekwisha kumwacha mwenzake nyuma, na sasa ncha yake ilikuwa chini ya pazia.